Mposaji Aliyeondoka na Chupa Yake

Edilberto Champi alikuwa akiwadanganya wageni kumi na wanne kutoka Lima, katikati ya soko la San Pedro, kwenye safu ya wauza viazi vikavu. Alikuwa ameinua kiazi kimoja cheusi, kile kinachoanikwa nje kwenye baridi mpaka kiwe kama kokoto, akikitazama kama mtu anayetazama kito.

"Wakimbiaji wa mfalme wa Inka," alisema, "waliweka hiki chini ya ulimi, wakakimbia siku tatu bila kula."

"Na bila kutema?" sauti ya mwanamke ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Mwanamke alikuwa amevaa jinzi na sweta la rangi ya mahindi mabivu, nywele amezisuka mikia miwili. Begani alibeba sketi nyekundu ya wachezaji ngoma, iliyotariziwa kwa nyuzi za fedha, imekunjwa na bado ni kubwa kama godoro.

"Bibie, niko kazini," Edilberto akasema.

"Na mimi niko kazini. Umeziba njia. Hicho kiazi usipokiloweka usiku kucha kinavunja jino. Mwambie basi huyo mkimbiaji atembee na bakuli la maji."

Wageni wakacheka. Mama mmoja mzee akamuuliza kinapikwaje, naye akaeleza hapo hapo, mzigo begani: kiloweke, kikamue, kichemshe, kitie jibini na yai. Wale watu wakatoa simu wakaandika. Kwa Edilberto hakuna aliyekuwa ameandika kitu tangu asubuhi.

Alipowaaga wageni wake alimfuata mpaka kwenye meza za juisi.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Umejiaibisha mwenyewe. Mimi nilikuwa napita."

"Mwenye kosa ananunua juisi."

"Basi nunua. Mimi nakunywa papai."

Akanunua. Muuzaji akawaongezea ile nusu glasi ya nyongeza ambayo mteja wa San Pedro haondoki bila kupewa, na kwa sababu glasi ilikuwa moja, wakanywa kwa zamu. Jina la mwanamke lilikuwa Nieves Ccorimanya, mtarizi wa mavazi ya ngoma, na alikuwa na plasta kwenye vidole vitatu. Baba yake huko Cachora alikuwa mwenye nyumbu, wa kubeba mizigo ya wanaokwenda kwenye magofu ya Choquequirao.

"Naifahamu sana Choquequirao," Edilberto akasema.

"Umepanda mara ngapi?"

Akakohoa. "Nimeieleza mara nyingi."

Nieves alicheka mpaka muuzaji akacheka naye. Miaka tisa mtu anaongoza watu, na magofu makubwa kuliko yote ya upande ule ameyaona kwenye picha.

Mapenzi yao yalidumu miezi kumi na moja bila shida. Mchana Edilberto alimpigia simu akiwa kwenye basi la wageni.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula supu ya kichwa cha kondoo."

"Bila mimi? Una roho ya jiwe."

"Jiwe gani, mwongozaji? La Inka au la mtoni?"

Jioni alikwenda kukaa kwenye ngazi ya karakana ya Nieves, akimsomea majina ya nyuzi. Wakakubaliana mambo mawili. Mwezi wa tano angekwenda Cachora kumposa kwa wazazi. Mwishoni mwa mwezi wa sita, sikukuu za Cusco zikiisha na sketi zote zimeshachukuliwa, wangepanda pamoja Choquequirao, ili mwanaume huyu aache kuongopa.

Posa ikaharibika.

Alikwenda Jumamosi moja mchana, na koti jipya la buluu, mkate mkubwa wa Oropesa, mfuko wa majani ya koka na chupa ya pombe kali ya miwa. Alikwenda peke yake. Baba yake hakuwahi kumjua, na shangazi aliyemlea kwa kuuza magazeti Cusco alikuwa amezikwa miaka mitano nyuma. Alimkuta Mzee Saturnino kwenye benchi uani, kofia imemfunika nyusi. Mama Gregoria alisimama mlangoni. Nieves, amevaa sketi nzito ya nyumbani kwao na shali jipya, alikaa kwenye kona ya ua na kijiti chake akisokota sufu, macho chini.

"Nimekuja kumwomba binti yako, mzee," Edilberto akasema, akaweka chupa mezani.

Mzee akaitazama mikono yake. "Hii umeazima kwa mtoto mchanga?"

"Ni yangu, mzee. Naongoza watalii."

"Unaongoza watu wenye macho. Nina nyumbu kipofu anayeongoza wenzake gizani, na hajaniomba binti."

"Mzee, mimi nampenda Nieves."

"Na mbuzi anapenda shamba langu la mahindi. Nimpe?"

Ikaendelea hivyo. Kwamba amevaa koti la mwizi wa harusi. Kwamba anaongea kama redio isiyo na betri. Kwamba kifua chake hakiwezi kubeba hata deni. Kila mara Edilberto alimtazama Nieves, na kila mara Nieves alikuwa anatazama sufu yake.

"Umekuja na nani?" mzee akauliza mwishoni.

"Peke yangu."

"Hata mbwa akienda kuoa hufuatana na wenzake. Wewe huna hata mtu wa kukusemea uongo?"

Hapo Edilberto akasimama. Dakika arobaini zilikuwa zimepita. "Nimesikia, mzee. Samahani kwa usumbufu." Akachukua chupa yake, akaacha mkate, akatoka. Cachora nzima ilimwona akishuka barabarani na chupa kwapani, na watu walitoka milangoni kumtazama kama wanavyotazama msiba.

Nieves hakupiga simu. Edilberto pia hakupiga. Wiki ya saba, siku mbili kabla ya safari, simu ya Nieves ikalia.

"Haloo."

"Ni mimi," Edilberto akasema.

"Naona namba."

"Bado unaenda Jumatano?"

"Kwani wewe huendi?"

"Sijasema siendi."

"Na mimi sijasema."

"Kama unataka kuahirisha, sema."

"Ahirisha wewe."

"Saa kumi alfajiri, stendi ya magari ya Abancay."

"Usichelewe kama kawaida yako." Akakata.

Aliyeahirisha ndiye angehesabiwa kuwa amevunja uchumba, na hakuna aliyekubali kubeba hilo. Ndiyo sababu watu wawili wasiotaka kuonana walikaa bega kwa bega saa tano kwenye gari dogo, kila mmoja akitazama dirisha lake. La Nieves lilikuwa la upande wa bonde. La Edilberto lilikuwa na pazia.

Cachora walipita kwa njia ya nyuma ya makaburi.

"Kwa nini huku?" Edilberto akauliza.

"Sitaki mama anione na wewe."

"Mimi ndiye aibu?"

"Ulitaka niseme aibu ni nani? Hiyo kofia yako?"

Kwenye ukingo wa Capuliyoc, pale njia inapoanguka kuelekea mto Apurímac, Edilberto akasahau ugomvi kwa ugonjwa wa kazi. Akanyoosha kidole. "Kina cha bonde hili..."

"Nimezaliwa hapa."

"Nilikuwa nasema tu."

"Waambie wa Lima. Wanalipa."

Walikula wamepeana migongo: Nieves mahindi ya kuchemsha na jibini, Edilberto biskuti za pakiti. Jua likishuka wakafika mtoni, kwenye joto, na visubi vya pale ambavyo wenyeji wanasema hata simba wa milimani hulia vikimuuma. Nieves alikuwa na soksi mpaka magotini. Edilberto alikuwa na kaptula.

"Hujui watu huvaa nini hapa?" Nieves akauliza.

"Najua."

"Naona." Akamrushia ndimu. "Paka."

"Sihitaji ndimu yako."

Asubuhi miguu ya Edilberto ilikuwa kama mikate miwili iliyoumuka. Ndimu ilikuwa pale pale ilipoangukia. Nieves akaiokota, akaifuta, akaiweka mfukoni, na hilo lilimuuma Edilberto kuliko visubi.

Kupanda upande wa pili kulichukua karibu siku nzima. Kuna mkunjo wa njia, halafu mwingine, halafu mtu anaacha kuhesabu. Nieves alitangulia. Kila alipogeuka kuona kama bado anafuata, alijifanya anatazama mawingu. Kila Edilberto alipoona amegeuka, aliacha kuhema kwa nguvu. Mchana ukapita hivyo.

Walifika magofuni alasiri. Hapakuwa na mtu ila mlinzi mmoja aliyelala kwenye nyasi. Kuta ndefu za mawe, uwanja, mfereji mkavu, na kilima kilichokatwa juu kikawa bapa. Edilberto akavua kofia. Alikuwa ameisema Choquequirao mara mia, na kati ya yote aliyosema hakuna lililofanana na hii. Hata hivyo akaanza kueleza.

"Mfereji huu ulileta maji kutoka chini ya..."

"Juu," Nieves akasema. "Maji hayapandi. Hata ya Inka."

"Mbona unanichukia hivi?"

Nieves alikuwa ameshaanza kushuka ngazi za mawe upande wa pili wa mlima. Akamfuata mpaka kwenye matuta ambako watu wa kale walipanga mawe meupe ndani ya ukuta yakawa kundi la lama, wakubwa kwa wadogo, wanapanda. Pale Nieves akasimama akamgeukia.

"Kwa nini uliondoka?"

"Unaniuliza mimi? Baba yako aliniita mwizi. Aliniita mbuzi."

"Alisema mbuzi anapenda mahindi."

"Mbuzi ndiye mimi!"

"Ndiyo, ndiye wewe. Dakika arobaini, Edilberto. Baba yangu hana maneno. Kwa mwaka mzima hazungumzi dakika arobaini na mama. Alikaa wiki mbili akiyatunga, nyumbu ndio wasikilizaji. Alikuwa anakutafutia matusi mazuri."

Edilberto akamtazama kama mtu aliyechelewa kusikia mlio.

"Mwalimu mmoja wa Abancay alikuja kuniposa," Nieves akaendelea, "kabla sijakujua wewe. Unajua alipewa nini? Chai. Chai na mkate na pole ya safari. Baba akamwuliza hali ya barabara, akamsindikiza mpaka getini. Yule mwalimu alilia njiani, kwa sababu alielewa. Mtu usiyemtaka unamheshimu ili aende zake. Anayetakiwa anatukanwa, na yeye anakaa. Anakaa mpaka baba achoke, halafu baba anaifungua chupa aliyoletewa, anakunywa. Wewe ulichukua chupa. Kwetu hakuna aliyewahi kuchukua chupa. Watoto wanaigiza siku ile, mmoja anakuwa wewe."

"Ungeniambia."

"Vitu hivyo mtu haambiwi."

"Haambiwi na nani, Nieves? Anaambiwa na baba yake. Anaambiwa na wajomba wakinywa. Mimi ningeambiwa na nani, na wauza magazeti?" Sauti yake ilikuwa imepanda na sasa ikashuka. "Aliponiuliza nimekuja na nani, nilikutazama wewe. Ulijua sina mtu. Ulisokota sufu."

"Binti hasemi siku hiyo."

"Na wiki saba zilizofuata? Simu nayo inasokota?"

Ukweli ni kwamba Nieves alijua angeweza kumwambia. Alijua tangu mwezi wa nne. Alinyamaza kwa sababu alitaka kuoana na mtu anayejua bila kuelezwa, na alimjaribu kwa mtihani ambao hakumfundisha. Hilo hakulisema hapo hapo. Alikaa kwenye ukingo wa tuta, mawe meupe nyuma yake, akavuta uzi mmoja kwenye sweta lake mpaka ukatoka wote.

"Baba hajabeba mzigo wa mtu Jumamosi saba," akasema. "Anakataa kazi. Anavaa kofia yake ya sikukuu, anakaa kwenye benchi. Mama anamwambia ingia ndani, hatakuja. Anasema, kijana wa mjini huchelewa."

Edilberto akakaa chini. Si kando yake. Ngazi mbili chini.

"Leo ni Alhamisi," akasema.

"Najua leo ni nini."

"Tukiondoka kesho alfajiri, Jumamosi mchana tuko Cachora."

"Sijakuita. Na sijakusamehe."

"Hata mimi sijakusamehe."

"Vizuri," Nieves akasema. Akaongeza, bila kumtazama: "Nilikupa mtihani bila kukufundisha. Haukuwa wa haki." Na hicho kilikuwa kiasi chote cha samahani alichokuwa nacho siku ile.

Walirudi wakigombana. Waligombania nani abebe sufuria, nani alikoroma, kama daraja lilijengwa kabla au baada ya mafuriko. Lakini mtoni Nieves alikata ndimu, akapiga goti, akampaka miguuni yeye mwenyewe, kwa nguvu, kama anayesugua chungu.

"Unaniumiza."

"Nyamaza. Nakuumiza kwa faida."

Jumamosi saa saba mchana, Nieves akatangulia nyumbani. Edilberto akaingia dukani kwa Mama Basilia, mjane mnene mwenye kofia ndefu nyeupe, ambaye huuza sabuni, mishumaa na pombe.

"Naomba chupa ya pombe ya miwa."

Mama Basilia akamtambua, akaishika chupa bila kuiachia. "Na hii nayo utaondoka nayo?"

"Hapana, mama."

"Ndivyo unavyosema sasa."

Edilberto akasimama pale na suruali yenye vumbi la siku nne. "Mama, una mtoto wa kiume?"

"Mungu hakunipa."

"Leo anakupa. Kwa saa moja tu. Nahitaji mtu wa kunisemea uongo."

Mama Basilia alimtazama juu mpaka chini, na kwa miguu ile chini palikuwa na mengi ya kutazama. Halafu akageuza kibao cha mlango, akafunga duka, akabadili shali.

Mzee Saturnino alikuwa kwenye benchi, na kofia ya sikukuu. Alipowaona alisimama. Alitabasamu.

"Karibuni. Poleni na safari. Keti, kijana, umechoka. Gregoria, mletee mgeni chai."

Kwenye kona, kijiti cha Nieves kikaanguka.

Edilberto akaweka chupa mezani, lakini kilichokuja ni chai, ya moto, na kipande cha mkate juu ya sahani. "Barabara ikoje?" mzee akauliza kwa upole. "Nasikia wanaikarabati huko Curahuasi."

Edilberto akaishika ile chai. Ikamchoma vidole, hakuiweka mezani wala hakuinywa. "Mzee, sikuja kwa habari za barabara."

"Baridi je, Cusco?"

"Nimekuja kumwomba binti yako. Mara ya kwanza sikuelewa. Ni kosa langu."

"Hakuna kosa," mzee akasema. "Wewe ni mgeni. Mgeni hakosei."

Nieves aliinamisha kichwa mpaka mikia yake miwili ikagusa ardhi. Edilberto alijua kwamba akiinuka sasa atasindikizwa vizuri mpaka getini, na hatarudi tena nyumba hii maisha yake yote. Akamgeukia Mama Basilia.

Mama Basilia akasafisha koo.

"Saturnino, nimemleta mwanangu. Kijana mwenyewe unamwona. Mchapakazi. Ana nguvu kama fahali."

Tabasamu la mzee lilipungua kidogo.

"Mpole. Hajui ubishi," Mama Basilia akaendelea. Nieves alitoa sauti ndogo puani. "Analima. Msimu uliopita alilima tuta zima la viazi peke yake kabla ya chai."

"Chai ipo," mzee akasema kwa taabu. "Anywe chai."

"Na nyumbu, Saturnino. Nyumbu wanampenda. Anafunga mzigo kuliko mtu yeyote wa bonde hili. Kuliko wewe, wanasema."

Mzee Saturnino aliutazama ukuta. Shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu, na mkono wake ukafika kwenye kofia ukaivuta chini mpaka kwenye nyusi.

"Nani anafunga mzigo?" akauliza.

"Huyu."

"Huyu?"

"Huyu, mwanangu."

"Huyu hawezi kufunga suruali yake!" Mzee akasimama. "Kuliko mimi? Mtu ambaye nyumbu akipiga chafya anaanguka? Basilia, umezeeka au umelewa? Mtazame. Mungu alipoumba huyu udongo ulikuwa umebaki wa masikio tu. Analima viazi! Atajuaje kiazi, kiazi kinakaa chini na yeye anatembea akitazama mbinguni kama kuku anayekunywa maji!"

Mama Gregoria akatoka mlangoni haraka kwa mwendo wa mtu aliyesubiri wiki saba. Akamnyang'anya Edilberto kile kikombe, akaimwaga chai yote uani, juu ya kuku.

Nieves aliokota kijiti chake na kuendelea kusokota, macho chini kama inavyotakiwa, na uzi ulitoka mbaya, wenye mafundo. Mzee alikuwa anazunguka benchi. Alikuwa ameshamaliza masikio, amefika kwenye magoti. Tangu shangazi azikwe, hakuna mtu aliyewahi kukasirishwa kiasi kile na jinsi Edilberto Champi anavyoishi.

"Na usinikatize!" mzee akamfokea, ingawa hakuwa amesema kitu.

"Siendi popote, mzee," Edilberto akasema, akakaa vizuri.